Kazi ya Hapa Nyumbani ni Kazi: Iandike

  

Leo nina neno na vijana wanaotafuta kazi. Nina neno na wazazi pia, maana najua nauli ya kwenda kwenye usaili hutoka mfukoni mwa nani. Tutazungumzia barua ya maombi na maelezo binafsi, yale tuliyozoea kuyaita CV. Kisha tutaingia kwenye vyeti na majina, halafu tutaona kazi zenyewe tuzitafutie wapi. Kama una kalamu, iweke karibu. Kama huna, sikiliza tu, nitarudia.

Neno langu kubwa ni hili: kazi uliyoifanya hapa nyumbani ni kazi, iandike. Narudia. Kazi uliyoifanya hapa Simiyu, hata kama ilikuwa ya msimu, hata kama ulijitolea bila mshahara, ni kazi. Iandike.

Mbona nalishikilia sana jambo hili? Kuna wakati niliombwa kukaa na kamati ya chama kimoja cha msingi cha ushirika, hizi AMCOS zetu za pamba, tusaidiane kupitia maombi ya karani wa msimu. Bahasha zilijaa mezani. Tukafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maneno yalikuwa yale yale. Mwombaji ni mchapakazi, ana uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, anapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. Hata herufi iliyokosewa ilikosewa pale pale, kwa sababu CV zote zilitoka kwenye kompyuta moja ya steshenari. Kilichobadilishwa ni jina na namba ya simu. Na kwenye kipengele cha uzoefu wa kazi, wengi walikuwa wameandika neno moja tu: hakuna.

Mzee mmoja wa kamati akaichukua karatasi mojawapo, akalisoma jina, akasema: huyu namfahamu. Msimu uliopita alikuwa anashika daftari la mizani kule kwetu, na kila jioni hesabu zake zilikuwa zinakaa sawa. Mbona hapa ameandika hakuna?

Ndilo swali langu kwenu asubuhi hii. Mbona mnaandika hakuna?

Hebu tuhesabu pamoja. Mwaka 2022 tulihesabiwa watu na makazi, ile sensa ya Agosti 23. Waliotuhesabu walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa vijana wa vijijini na mitaani kwetu, walimu na wahitimu, kila mmoja na kishikwambi mkononi, wakipita kaya kwa kaya. Wewe uliyekuwa karani wa sensa ulihudhuria mafunzo, ukatumia kifaa cha kielektroniki kukusanya taarifa, ukatunza siri za watu, ukamaliza eneo lako kwa muda uliopangwa. Mwajiri gani hataki mtu wa namna hiyo? Uliyesimamia kituo cha kupigia kura, ulikula kiapo na kukabidhiwa vifaa, ukavirudisha. Uliyefanya kibarua kwenye ujenzi wa reli ya SGR, kipande cha Mwanza hadi Isaka kinachopita Malampaka, ulifundishwa kanuni za usalama kazini, ukavaa kofia ngumu, ukaripoti kwa msimamizi kila asubuhi. Na wewe uliyekaa msimu mzima kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ukapokea marobota na kuyahesabu, nawe umefanya kazi. Binti unayewafundisha watoto wa shule ya msingi kwa kujitolea, kule ambako mwalimu mmoja ana darasa la watoto zaidi ya tisini, wewe ndiye hasa ninayekulilia. Umefanya kazi ngumu kuliko wengi wenye ajira, halafu unaandika hakuna!

Sasa inaandikwaje? Tuichukue kazi ya huyo binti. Wengi huandika hivi: "Nimewahi kujitolea kufundisha." Basi, wakaishia hapo. Mwenye kusoma hajui ulifundisha wapi, lini, nini, wala kwa nani. Mtu anayepeleka ng'ombe mnadani hasemi tu "nina ng'ombe". Anataja umri wake, uzao wake, maziwa anayotoa, ili mnunuzi ajue anasimama mbele ya nini. Nawe taja. Andika mwezi na mwaka ulioanza, mwezi na mwaka uliomaliza. Andika cheo: mwalimu wa kujitolea. Andika jina la shule, kata na wilaya. Halafu chini yake weka mistari mitatu au minne ya ulichokifanya. Nasoma mfano taratibu, uandike:

"Nilifundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano na la sita. Niliandaa azimio la kazi na maandalio ya somo. Nilisimamia na kusahihisha mitihani ya muhula. Nilihudumu kama mwalimu wa zamu na kutunza daftari la mahudhurio."

Umesikia tofauti? Kila mstari umeanza na kitenzi: nilifundisha, niliandaa, nilisimamia, nilihudumu. Hakuna sifa hata moja ndani yake. Hakuna mchapakazi, hakuna mwaminifu. Lakini anayesoma ameshaona kwamba huyu ni mchapakazi, na ameshaona kwamba ni mwaminifu, kwa sababu ameiona kazi yenyewe. Na yule kijana wa mizani angeandika: nilipima pamba ya wakulima, nikajaza stakabadhi, nikaandika kwenye daftari la chama, nikafunga hesabu kila jioni na kukabidhi kwa katibu. Mistari miwili tu, na angekuwa juu ya rundo lile.

Nitasema pia kuhusu urefu, maana huwa naulizwa. Kwa kijana aliyemaliza chuo jana, kurasa mbili zinatosha kabisa. Anza na jina na namba ya simu inayopatikana, kisha elimu kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, kisha kazi ulizofanya nazo kuanzia ya karibuni, kisha ujuzi, kisha wadhamini. Dini yako, kabila lako, idadi ya ndugu zako, hayo mwajiri hayahitaji.

Kwenye wadhamini nisimame kidogo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri wengine wengi hufanya hivyo. Vijana huweka jina la mwalimu wa chuo ambaye hajawaona tangu mahafali, na namba ambayo haipatikani tena. Mpigie mdhamini wako kabla hujamwandika. Mwambie: mwalimu, shikamoo, naomba nikuandike kuwa mdhamini wangu, naomba kazi fulani, mahali fulani. Siku akipigiwa simu na mtu asiyemfahamu, asianze kuuliza huyo ni nani. Na katika hao watatu, angalau mmoja awe mtu aliyekuona ukifanya kazi: mwalimu mkuu wa shule unayojitolea, katibu wa AMCOS, msimamizi wako wa sensa, mwenye duka uliyemshikia hesabu.

Barua ya maombi nayo ina shida yake. Wengi wanahangaika kuiandika kwa Kiingereza cha kukopa, sentensi ndefu zisizo zao, kwa kuamini kwamba Kiswahili kitawashushia hadhi. Someni tangazo, vijana wangu. Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kama tangazo limekuruhusu Kiswahili, na Kiswahili ndicho unachokimudu vizuri, andika Kiswahili safi, uisaini barua yako, uambatishe. Kama limetaka Kiingereza, andika Kiingereza chako mwenyewe, sentensi fupi, umpe mtu anayekijua aipitie. Barua yenye aya tatu inatosha: naomba nafasi ipi na nimeiona wapi, nimefanya nini kinachofanana na kazi hiyo, napatikana lini na kwa namba gani.

Sasa tuje kwenye vyeti na majina. Hapa Usukumani jambo hili lina uzito wake, kwa hiyo naomba tusikilizane vizuri.

Majina yetu yameandikwa na makarani wengi tofauti. Mtoto amezaliwa, zahanati wakaandika Ng'wandu. Shuleni mwalimu mgeni akaandika Mwandu. Nyumbani ni Nkwabi, kwenye cheti cha kidato cha nne ni Mkwabi. NIDA wana majina matatu, cheti kina mawili. Wewe unajua ni mtu mmoja. Jirani yako anajua. Lakini anayekagua nyaraka zako Dodoma hakujui, anaona watu wawili. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanasema waziwazi kwamba msailiwa ambaye majina yake yanatofautiana kwenye nyaraka awe na hati ya kisheria ya kurekebisha jina, ile wengi wanaiita dipoli. Hiyo haipatikani asubuhi ya usaili. Inahitaji wakili, inahitaji kusajiliwa, inahitaji siku. Kwa hiyo leo, narudia, leo hii, toa nyaraka zako zote uzipange kitandani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, na kitambulisho cha NIDA au ile namba yake. Soma jina herufi kwa herufi. Angalia mpaka ile alama ya ng'. Ukiona tofauti, anza kuishughulikia kabla tangazo halijatoka.

Wengine huniuliza: cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mkoa wa Shinyanga, nami ninaishi Simiyu, si tatizo hilo? Ndugu yangu, mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga, na eneo la Busega lilikuwa ndani ya Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Aliyezaliwa kabla ya hapo cheti chake kitasema hivyo, na ndivyo ilivyo. Mahali pa kuzaliwa andika kama cheti kinavyosema. Mahali unapoishi andika Simiyu. Usikifute wala kukikwangua cheti.

Na hapo kwenye kukwangua nitasema bila kuzunguka. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwa walioondolewa katika uhakiki ule walikuwepo watu waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, wana nyumba, wana watoto shuleni. Mtu akikushauri utumie cheti cha kaka yako, au "urekebishiwe" daraja steshenari, mkimbie. Kama cheti chako kina daraja la chini, omba kazi inayokubali daraja hilo. Zipo.

Jambo jingine la vyeti: karatasi ya matokeo uliyochapisha kutoka mtandaoni si cheti. Matangazo ya Sekretarieti huwa yanasema hati za matokeo hazitakubaliwa. Wanataka cheti chenyewe. Kama chako bado kiko shuleni tangu umalize, na nawajua wengi wa namna hiyo, kifuate wiki hii.

Sasa nije kwa rafiki zetu wa steshenari. Nawaheshimu sana, bila wao vijana wengi wasingeweza hata kutuma maombi. Lakini wewe unayeomba kazi, tafadhali, nenosiri liwe lako. Hali ninayoiona mara kwa mara ni hii. Kijana amefunguliwa barua pepe na mtoa huduma, amefunguliwa akaunti ya Ajira Portal, ule mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni, na mtoa huduma huyo huyo, maneno ya siri anayajua mtoa huduma peke yake. Miezi inapita. Mtoa huduma amehama au simu yake imeibwa. Tangazo la kuitwa kwenye usaili linatoka, jina la kijana lipo, yeye yuko Meatu anapalilia dengu hana habari. Anakuja kuambiwa na rafiki yake, usaili umeshapita.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kile kiti cha steshenari, andika mwenyewe nenosiri, ulinakili kwenye daftari lako la nyumbani. Barua pepe iwe na jina lako halisi. Namba ya simu iliyowekwa iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Na kwenye akaunti hiyo hakikisha mkoa unaoishi sasa umeandikwa sawasawa. Siku hizi usaili mwingi wa awali hufanyika mikoani. Mwanzoni mwa 2025 walimu walisailiwa kwa mtindo huo. Kama ulisoma Dar es Salaam na akaunti bado inasema unaishi Dar es Salaam, unaweza kujikuta umepangiwa huko, wakati majirani zako wanafanyia usaili hapa nyumbani. Gharama za usafiri, chakula na malazi ni za msailiwa mwenyewe. Wazazi mnanielewa hapo.

Na kutuma maombi kwenye mfumo huo ni bure. Bure kabisa. Mtoa huduma utamlipa kwa kuchapa na kuskani, hiyo ni haki yake. Lakini mtu akikupigia simu akasema yuko utumishi, jina lako limepita, tuma kitu kidogo ili likae vizuri, huyo ni tapeli. Kata simu, toa taarifa.

Nasikia sauti inasema: sawa, lakini siku hizi kazi ni koneksheni. Neno hilo silikatai moja kwa moja. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo vijana wengi hata wakaacha kuomba. Ila tuseme ukweli wote. Kwa waajiri wadogo na wa kati, kufahamika kunasaidia, na hilo si dhambi. Mwenye kiwanda hawezi kumkabidhi stoo mtu asiyemjua. Cha kujiuliza ni hiki: watu wanakufahamu kwa lipi? Yule mzee wa AMCOS alimfahamu kijana kwa daftari la mizani lililonyooka. Hiyo ni koneksheni ambayo mtoto wa maskini anaweza kuijenga kwa mikono yake. Kumlipa mtu ili akupitishe ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni rushwa, na sheria inakamata aliyetoa na aliyepokea.

Basi tuzitafutie wapi? Kwanza karibu. Mbao za matangazo za halmashauri, ofisi za kata, hospitali, miradi ya maji: zipite kila wiki. Pili, omba kabla ya msimu. Ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Ukipeleka barua yako kiwandani Kasoli au Maswa mwezi Juni, wenzako wameshapangwa. Nenda Machi. Kule Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hoteli na kambi huanza kukusanya wahudumu, wapishi na wasafisha vyumba kabla watalii hawajawa wengi katikati ya mwaka. Nako nenda mapema, na nenda mwenyewe, umevaa nadhifu, karatasi yako ikiwa ndani ya bahasha kavu. Omba kuonana na msimamizi, msalimie, mweleze kwa dakika moja umefanya nini. Ukikosa, muulize lini urudi, na siku hiyo urudi kweli.

Na ninyi mafundi? Fundi pikipiki, fundi mwashi, fundi cherehani, uliyejifunza gereji au kwenye kibaraza cha mtu, huna karatasi hata moja. Upo utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa kwa kazi yako mwenyewe, unaelekezwa palipopungua, ukifaulu unapewa cheti. Ulizeni VETA waeleze lini wanapokea watu na katika fani zipi. Huwa naona uchungu nikimwona fundi aliyefanya kazi kwa mikono yake miaka kumi anakosa tenda ya shule kwa sababu hana cheti, na cheti hicho kinapatikana.

Kwa wahitimu wa vyuo, Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia kazi na ajira ina mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini, unakaa kwa mwajiri kwa miezi kadhaa ukijifunza. Fuatilieni matangazo yake. Ukiupata, usisahau kuuandika kwenye CV kama nilivyosema, kwa vitenzi.

Muda unanitupa mkono, na kuna msikilizaji wa Lagangabilili aliyetuma ujumbe akiuliza: nimefanya usaili nikaambiwa nimefaulu lakini nafasi zimejaa, je, nianze upya? Jibu: wanaofaulu na kukosa nafasi, Sekretarieti huwaweka kwenye kanzidata kwa muda maalumu, na nafasi za kada hiyo zikipatikana huwapangia kutoka humo bila usaili mpya. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu, na uwe unaangalia majina ya wanaopangiwa vituo yanapotangazwa. Lakini kada nyingine unayostahili ikitangazwa, omba. Usikae ukisubiri orodha moja.

Wiki ijayo tutakuwa na wakili hapa studioni atueleze hatua kwa hatua namna ya kurekebisha majina, gharama zake na mahali pa kuisajili ile dipoli. Tumeni maswali yenu mapema, na mnapotuma, andikeni jina lilivyo kwenye kila cheti, ili ajibu kwa mfano wako mwenyewe.